Kabla ya Kitambaa Cheusi

Mimi ni fundi wa makochi na mdomo wangu ni mrefu. Nasema mapema ili asitokee wa kuniambia baadaye. Kazi nilifundishwa na baba. Mdomo nilirithi kwa mama, ila wa mama ulikuwa na breki.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chini ya paa la bati. Mbele kuna mlango mpana wa kupitishia makochi, nyuma kuna dirisha moja lenye wavu, na katikati kuna meza ya kukatia vitambaa, cherehani na marundo ya sponji. Miezi ya joto ikifika, bati hulialia lenyewe kuanzia saa tatu asubuhi, na gundi hukauka kwenye brashi kabla hujaipaka. Ule wavu wa dirishani aliutaka mama, si baba. Alitaka dirisha libaki wazi hewa ipite, na paka wake asitoke akaenda kugongwa barabarani.

Paka aliitwa Mpangaji. Aliingia kwetu akiwa mdogo, akakagua vyumba vyote mkia juu, akachagua kikapu cha nguo safi, akalala. Mama akamtazama, akacheka. "Huyu hakuja kutembea," akasema. "Huyu kahamia."

Kwa habari ya joto, mama hakuwa na mchezo. Mabakuli matatu ya maji, yote kivulini, yakibadilishwa asubuhi na mchana. Kona ya nyuma ya karakana ilimwagiwa maji ili sakafu ipoe Mpangaji alaze tumbo. Na mlango wowote kabla ya kufungwa, uwe wa kabati, wa stoo au wa gari la mteja, ilikuwa lazima kwanza ajulikane yuko wapi. Hata alipolala kitandani wiki zake za mwisho, sauti imebaki ya kunong'ona, alinishika mkono akaniambia yaleyale.

"Mwanangu, miezi ya joto paka hutafuta giza. Ataingia mahali hujapata kupafikiria. Usifunge kitu bila kutazama."

"Sawa mama, nimesikia," nikamjibu, macho yangu kwenye simu.

Baba naye alikuwa na sheria yake, na ilikaribia kuwa ileile. Kochi humaliziwa likiwa limepinduliwa, miguu juu. Ukishafunga springi na mikanda, kazi ya mwisho ni kupigilia kitambaa cheusi chini ya tumbo lake, ili matumbo yote yafichike. Sasa kabla ya kitambaa hicho, kwa baba, unaingiza mkono hadi begani na kupapasa pembe zote nne, mpaka ndani ya mgongo wa kochi ambako kuna uwazi mrefu. Sheria hiyo ilizaliwa na mkasi. Zamani mkasi wake mzuri ulibaki ndani ya kochi la mteja, na wenye nyumba wakawa wanasikia kitu kinacheza kila mgeni akikaa. Walihama sebule wiki nzima kwa hofu kabla hawajapata akili ya kumwita fundi.

Tangu hapo, ukishika kitambaa cheusi mbele ya baba, lazima utaulizwa, "Umepapasa?" Nami hujibu, "Nimepapasa." Basi, tunaendelea. Miaka kumi na tisa tumeulizana hivyo, na miaka yote hiyo sikuwahi kumdanganya.

Mama alifariki miezi minne kabla ya joto kuanza. Baba aliweka vyombo vyake vya kazi kwenye mfuko wa turubai, akauning'iniza msumarini, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hakulia mbele yangu hata siku moja. Alimpakata Mpangaji na kuzungumza naye. "Leo jua kali, eh? Na wewe una koti. Mimi ningekufa." Mimi nikimuuliza kitu napata "ndiyo" au "hapana". Chakula alikula baada ya paka kula, na siku paka alipokataa, baba naye alisogeza sahani. Nakiri, nilikuwa na wivu. Mwanamke mzima, mwenye mvi zangu mbili tatu, nilikuwa namwonea wivu paka.

Siku yenyewe ilikuwa na joto ambalo hata watani wa mtaani walikaa kimya. Nilikuwa na kochi la watu watatu la mwalimu mstaafu, mama mmoja mpole anayeishi ng'ambo ya mji. Wanawe walikuwa wanakuja kumtembelea jioni ile, na nilimwahidi kochi litafika kabla ya saa sita. Dereva wa pikapu, ambaye tunamwita Chapchap kwa sababu hajawahi kuwahi popote, alikuwa amekuja mapema kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alisimama mlangoni akijipepea kwa shati. "Fundi, leo mimi ndiye nakusubiri wewe. Andika kwenye kalenda."

Nikageuka kutafuta hewa, nikakuta feni imegeuzwa. Tuna feni moja tu. Baba alikuwa ameielekeza kwenye kigoda chake, na Mpangaji amelala mapajani mwake, manyoya yanapepea, macho nusu.

"Baba, feni ya kazi inampepea paka?"

"Ana joto."

"Na mimi je? Mimi nimetengenezwa kwa barafu? Tangu mama aondoke wewe hujashika hata nyundo, mimi ndiye nabeba karakana hii peke yangu, halafu hata upepo nanyimwa!"

Chapchap alikwenda kukagua matairi ambayo hakuna aliyemwomba ayakague. Niliburuta feni hadi kwenye meza yangu, kwa nguvu, waya ukavuta bakuli moja la maji likamwagika. Sikulijaza. Mpangaji aliruka kutoka mapajani mwa baba, akanyoosha mgongo, akaelekea nyuma kwenye kona yake. Ile kona sikuwa nimeimwagia maji asubuhi ile, wala asubuhi iliyotangulia. Kochi la mwalimu lilikuwa pale pale, miguu juu, tumbo wazi.

Nilitoka kwenda nyumba ya pili kuosha uso. Niliporudi baba alikuwa amesinzia kidevu kifuani. Nikachukua kitambaa cheusi, nikakitandaza, nikashika mashine ya pini. Nilikuwa nimevimba kwa hasira, na moyoni bado nilikuwa naendelea kumjibu baba, majibu mazuri mazuri ambayo yalikuwa yamenijia nikiwa bombani. Ta, ta, ta, nikazunguka kochi zima. Hakuna aliyeniuliza kama nimepapasa, nami sikupapasa.

Tukalibeba mimi na Chapchap. Likafunikwa turubai, kamba ikakazwa. Saa tano juu ya alama, pikapu ikaondoka.

Baba aliamka saa tano na nusu. Jambo la kwanza alilofanya ni kupapasa mapaja yake.

"Mpangaji yuko wapi?"

"Paka ana miguu minne, Baba. Yuko nyuma."

Akaenda nyuma. Nikamsikia anaita, kwa ule mlio wa mama wa kubana midomo. Akatazama chini ya meza, akasogeza sponji moja moja, akafungua kabati, akaingia hadi nyumbani akatoka. Wavu ulikuwa mzima. Akarudi akasimama mbele yangu, akatazama pale palipokuwa na kochi, sakafu tupu, vipande vya uzi na pini zilizopinda. Halafu akaniuliza taratibu, bila hasira, kama alivyoniuliza miaka yote.

"Ulipapasa?"

Loo. Nilijua. Nilijua papo hapo, mwili mzima. Na mdomo huu ambao hauna breki, siku hiyo ukafunga breki mahali pasipotakiwa.

"Nilipapasa," nikasema.

Baba akaitikia kwa kichwa, akaamini. Kwa nini asiamini? "Basi katoka mlangoni wakati wa kubeba," akasema, akavaa kandambili, akatoka juani kumtafuta.

Nami nikatoka nyuma yake. Nikainama chini ya magari yaliyoegeshwa, nikachungulia mitaroni, nikauliza kwa fundi viatu na kwa dobi, "Hamkumwona paka wetu, yule wa mabaka?" Niliita kwa sauti kubwa kuliko baba. Nilikuwa najiambia huenda kweli katoka, huenda nitamkuta chini ya lile gari, au lile. Baba alipiga magoti kwenye lami ya moto, mzee wa miaka sabini na mbili, shavu karibu na ardhi, anachungulia chini ya lori. Alipojaribu kuinuka alishindwa, akashika tairi. Hapo nikashindwa na mimi.

"Baba, sikupapasa."

Akanitazama.

"Nilikuwa na hasira. Sikupapasa. Yumo ndani ya kochi."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anipe vidonge vyangu mbele ya fundi viatu na dobi na mtaa mzima. Alijiinua, akarudi karakanani karibu ya kukimbia, akatungua ule mfuko wa turubai ukutani. Vumbi la miezi minne lilidondoka begani kwake. Saa ya ukutani ilikuwa imetimia sita.

Nilimpigia Chapchap, simu inaita haipokewi. Nikampigia mwalimu. "Shikamoo mwalimu, kochi limefika?"

"Marahaba, mwanangu. Bado, nipo dirishani naangalia njia."

Bado! Lilikuwa limetoka saa nzima iliyopita, na safari yenyewe ni ya dakika ishirini. Tulisimamisha pikipiki, tukapanda watatu, mimi nyuma kabisa nimemkumbatia baba kiunoni. Nilisikia mbavu zake. Tangu nikiwa mtoto sikuwa nimemshika baba hivyo. Upepo uliotupiga usoni ulikuwa wa moto, na nilichokuwa nawaza ni lile turubai jeusi, na chini yake sponji mpya, na kitambaa kizito cha mwalimu, na tabaka juu ya tabaka, zote nimezifunga mimi kwa mkono wangu.

Tuliikuta pikapu pembeni mwa barabara kuu, mbele ya banda la kuziba pancha. Tairi la nyuma lilikuwa limetolewa. Hapakuwa na mti wala ukuta, jua lilikuwa linashuka moja kwa moja juu ya mzigo. Chapchap alikuwa amekaa ndani ya banda, simu yake iko kwenye chaji huko nyuma. Alipotuona alisimama akianza kujitetea.

"Fundi, usinifokee, ni msumari, mimi ningefika leo mapema kabisa..."

"Kata kamba!"

"Kuna nini?"

"Kata kamba, nakwambia! Paka yumo ndani!"

Uso wake ukabadilika. Huku anakata kamba akasema, kwa sauti ya chini, "Nilisikia kitu kinakwaruza tulipopita darajani. Nikajua ni turubai linapigwa na upepo. Baadaye kikaacha."

Tuliligeuza kochi juu ya pikapu, miguu juu. Baba alipanda. Alitoa kwenye mfuko kile kidude chake cha kung'olea pini, chenye mpini aliouchonga mwenyewe, akaanza. Mikono ile mtu angesema imekwisha sahau, wapi! Pini ziliruka kulia na kushoto. Hakung'oa moja zaidi ya zinazotakiwa. Upande mmoja ukaachia, akaingiza mkono hadi begani, akafumba macho, akapapasa. Pembe ya kwanza hakuna kitu. Akasogea. Ya pili hakuna. Akaingiza ndani ya mgongo wa kochi, shavu lake limelala kwenye mbao, na nikaona bega lake linasimama.

Alimtoa taratibu. Mpangaji alikuwa amelegea, mdomo wazi, ulimi umetoka una rangi ya zambarau. Kifua kilikuwa bado kinakwenda, haraka haraka, kidogo kidogo. Kucha za mbele zilikuwa zimevunjika.

Mama mmoja muuza vinywaji alikuja mbio na ndoo ya barafu. "Mtumbukizeni humu!"

"Hapana, si barafu," baba akasema. "Maji ya kawaida, mama, nakuomba. Barafu itamshtua moyo." Hayo nayo yalikuwa maneno ya mama, nilimsikia akiyasema kila mwaka na kila mwaka nilimwona ana kiherehere. Tukampeleka kwenye kivuli cha banda. Baba akamlowesha nyayo, masikio na tumbo, fundi wa pancha akampepea kwa kipande cha boksi, mimi nikamdondoshea tone moja moja kwenye ulimi kwa ncha ya kidole, hakumeza. Chapchap alikuwa amesimama na kamba yake mkononi, analia waziwazi bila aibu.

Daktari wa wanyama alikuwa mitaa mitatu mbele. Baba alimbeba ndani ya shati lake lililoloweshwa, kifua wazi, na hakuna aliyemshangaa barabarani. Daktari, kijana mwenye miwani, alimpima, akamchoma sindano, akamwekea maji mwilini, akainama kumsikiliza. Tulikaa kwenye benchi. Kwenye saa saba na nusu hivi alinyooka, akavua vile vidude vya masikioni.

"Poleni sana, mzee. Mlifanya yote yanayotakiwa, na maji mliyomlowesha ndiyo yaliyomfikisha hapa." Akafuta miwani yake. "Mngemtoa nusu saa mapema tu, angepona."

Hakujua alichokisema. Angejuaje? Mimi nilijua, na baba alijua. Nusu saa ileile aliyopiga magoti kwenye lami akichungulia chini ya malori, kwa sababu binti yake alimwambia amepapasa. Nikamsubiri anigeukie. Alikuwa anatazama sakafu. Halafu akasema, "Asante, daktari," akaomba kitambaa cha kumfungia.

Tulimzika nyuma ya karakana, chini ya dirisha la wavu. Baba alichimba mwenyewe. Niliposhika jembe alilishikilia, hakuninyang'anya, alilishikilia tu mpaka nikaachia.

Kochi la mwalimu nililifungua lote nikalifanya upya. Nilipomweleza kilichotokea aliniambia nisiharakishe, wanawe watakaa chini, walikaa chini walipokuwa wadogo. Nililia kwenye simu kama mtoto.

Kesho yake asubuhi nilimkuta baba karakanani kabla yangu. Mfuko wake ulikuwa mezani, wazi. Alikuwa anapima mikanda. Ungeniambia wiki moja kabla kwamba baba atarudi kazini, ningepiga vigelegele. Siku hiyo niliogopa. Tulifanya kazi mpaka mchana, na nilipochukua kitambaa cheusi nilisimama nikasubiri nisikie. Nilikuwa nimeshapapasa mara mbili, mkono umechubuka kwa springi. Nilikuwa na jibu langu tayari mdomoni.

Hakuniuliza. Aliweka nyundo chini, akaja, akaingiza mkono wake mwenyewe hadi begani, akapapasa pembe zote nne na mgongo. Akautoa, akarudi kwenye mikanda yake.

Ikawa hivyo. Miezi yote ya joto iliyobaki, kila kiti, kila kochi, hata kiti cha sponji tupu kisicho na uwazi wa kutosha kuficha panya. Mimi napapasa, naye anainuka anapapasa baada yangu, kimya. Magoti yake yanalia akiinuka. Nilimwambia mara moja, "Baba, kaa, nimeshapapasa, wallahi." Aliniitikia, "Sawa, mama," kwa upole kabisa, na akaja akapapasa. Hata ningepigwa, nisingeumia kama pale. Nilijaza mabakuli matatu ya maji asubuhi na mchana, nikamwagia ile kona, ingawa hapakuwa na wa kulaza tumbo. Paka wa mtaani walianza kuja kunywa. Baba aliwaona, na siku moja nilikuta kagongelea kipande cha turubai juu ya mabakuli kiwe kivuli.

Mvua za kwanza zilipopiga bati nilikuwa namalizia kiti cha mtu mmoja cha fundi viatu. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anapasha mikono kwa kikombe cha chai, anatazama maji yanavyotiririka barabarani. Niliingiza mkono, nikapapasa, nikafuta vumbi, nikachukua kitambaa cheusi. Nikasikia kigoda kinalia. Nikasogea pembeni kumpisha, kama nilivyozoea.

"Umepapasa?" akauliza.

Nikageuka kumtazama.

"Nimepapasa, Baba."

Nikasubiri. Alikunywa chai yake, akaendelea kutazama mvua. Hakuinuka.